Kisitu cha Chemchemi

Mama alikufa kwa malale. Baba hakulia mbele yetu, alinoa panga.

Wakati huo Mdachi alikuwa ametoa amri: watu wasivue samaki ziwani, na vichaka vyote vya ufukweni kuanzia Rumonge mpaka Minago vifyekwe, maana mbung'o waenezao malale hupenda kivuli karibu na maji. Baba aliwekwa kuwa msimamizi wa wafyekaji. Wenzake walifyeka kwa kuogopa kiboko. Yeye alifyeka kwa chuki, na mimi binti yake niliburuta matawi nyuma yake, moyo wangu ukifurahi.

Amri ilihusu ufukwe tu. Ulipokwisha kufyekwa, baba akapanda mlimani, kwenye kisitu kilichofunika chemchemi yetu. Shangazi, dada yake baba, alilima mahindi chini yake. Kila asubuhi ukungu ulilala kwenye miti ile ukidondosha maji kama nguo iliyoanikwa mbichi, na hata kiangazi udongo wake haukukauka. Shangazi akaja mbio, akapiga magoti.

"Kaka, maji iko hapa sababu kivuli iko hapa. Ukikata miti, utakata na mvua."

"Mbung'o aliyemuua mke wangu iko humo," baba akajibu.

Shangazi akanigeukia. "Wewe mutoto, yeye anakusikiaka. Mwambie."

Nilikuwa msichana mkubwa. Nilijua shangazi anasema kweli, na nilijua baba angenisikia. Lakini nilitaka kitu, chochote, kilipie kifo cha mama. Nikainama, nikaokota tawi la kwanza aliloangusha baba.

Hasira hasara. Ukungu haukukaa tena. Ulipita juu ukaenda zake. Jua likapasua udongo, chemchemi ikawa tope, kisha vumbi. Mvua ilipokuja ilishuka kwa kishindo siku moja, ikazoa shamba na mbegu zake hadi ziwani, halafu mbingu ikafunga. Mbung'o kweli walikwisha. Hakuna aliyeugua malale tena. Tulizikana kwa njaa.

Shangazi alikuwa amehamia Kigwena, ambako msitu haukuguswa. Tukamfuata, baba akijikokota kwa miguu iliyovimba. Alitupokea kwa maji na mihogo ya kuchoma, bila neno la lawama. Tulipokuwa tunakula, akaniangalia mimi, si baba.

"Yeye uchungu ilimupofusha," akasema. "Wewe uliona, ukanyamaza."

Baba aliendelea kutafuna. Mimi niliuweka muhogo wangu chini.