Bado Turbo

Kila Jumapili akitoka kanisani, jirani yangu mmoja hapa mjini Gisenyi hukunja mikono ya shati, hufungua boneti ya gari lake la michezo lililoegeshwa uani, na kupima kwa shubiri pale injini mpya itakapokaa. Hupima, hukuna kidevu, hupima tena. "Injini ya turbo itaingia tu," hunong'ona. Injini ya zamani aliitoa mwenyewe, akaiuza. Baba yake, aliyekuwa dereva wa malori, alikuwa ameomba apelekwe Mudende akaione tena milima. "Ngoja kwanza turbo, papa. Tutapanda kama upepo." Mzee akangoja, na katika kungoja nuru ya macho ikamwishia.

Jumapili iliyopita mzee aliupapasa mlango wa gari, akaketi, akajifunga mkanda.

"Kuona sitaona tena, mutoto yangu. Washa basi, nisikie."

"Haina injini, papa."

Mzee aliweka kiganja juu ya dashibodi. "Donc, basi, ile ya zamani ilikuwa na shida gani?"

Jirani aliinama, akainuka, akafuta mikono ambayo haikuwa na grisi.

"Haikukuwa na shida, papa."