Viazi Chini ya Kitanda

Chini ya kitanda changu cha kamba mama alitandaza gunia, na juu ya gunia akapanga viazi mviringo, kimoja kimoja, visigusane. Ndipo palipokuwa na giza na ubaridi kidogo katika nyumba yetu ya Mabatini, ambayo mchana bati lake liliwaka moto. Niliambiwa nisivichezee. Ningevichezea kwa nini? Nilikuwa naviogopa.

Mbegu hiyo aliitoa kwao, milimani huko Mbeya, alikokwenda kumzika mama yake. Ndugu zake waligawana vitenge na masufuria ya marehemu. Yeye akaomba viazi vya shambani kwake, akaja navyo kwa basi na treni, amevipakata. Majirani wakamcheka: viazi vya baridi vitaota wapi katika joto la Mwanza? Mama hakubishana nao. Alikuwa na kipande chake cha ardhi nyuma ya nyumba, kati ya mawe mawili makubwa, ambapo jua lilifika asubuhi tu. Alisema machipukizi yakirefuka kidogo atavihamishia kibarazani vipate mwanga, yawe manene, yasivunjike wakati wa kupanda. Baada ya hapo ni kungoja mvua tu.

Kabla hajavitoa, akaja bibi, mama yake baba, kwa kivuko kutoka Sengerema. Kijiji kipya cha ujamaa walichohamishiwa kilikuwa bado hakijavuna kitu, na bibi alikuwa amekonda. Maisha yake yote alilima viazi, lakini viazi vitamu, na hivyo havipandwi kiazi. Hupandwa marando, yale mashina yanayotambaa. Kiazi chenyewe huliwa. Mtu wa kwao akikuona unafukia kiazi kizima ardhini, atakuuliza kama akili zako ziko sawa.

Siku moja mama alikwenda kupanga foleni ya sukari kwenye duka la ushirika, na baba alikuwa kazini. Bibi akafagia uvunguni kwangu. Akakuta chakula kimelazwa gizani, kimeota mikia myeupe, na yeye ametoka kwenye njaa. Nikamwambia ni vya mama.

"Ndiyo maana namsaidia," akasema. "Vinahalibika."

Akanyofoa machipukizi yote kwa vidole, taratibu, akainua matuta kati ya yale mawe, akayapanda kama marando. Viazi akavimenya na kuvipika kwa karanga.

Mama alirudi jioni bila sukari. Harufu aliisikia tangu mlangoni. Akachungulia uvunguni, kisha akatazama sufuria. Mkamwana hamgombezi mama mkwe wake, tena mbele ya watoto. Akanawa mikono, akakaa mkekani, akala. Machozi yalimtoka huku akitafuna, wala hakuyafuta.

"Pole mwanangu, moshi huo," bibi akasema, kisha akalalamika kwamba viazi vyenyewe havina utamu, afadhali vya kwao. Nilitamani kumpiga. Kweli kabisa, nilitamani kumpiga bibi yangu.

Asubuhi, mama alipotoka, nikamwambia bibi kila kitu, kuanzia msibani hadi kwenye gunia. Akachukua kata na ndoo ya maji, akaenda kwenye matuta.

Tangu siku hiyo hakubanduka pale. Alijenga kichanja kidogo, akakiezeka kwa majani ya mgomba ili kuwe na kivuli. Alimwagilia asubuhi na jioni, tone kwa tone, maji yasije yakayafukua machipukizi. Watu wa kwao walipotuma ujumbe kwamba arudi kulima, akajibu kwamba miguu inamsumbua. Miguu gani? Mimi nilimwona akipanda mawe, anakomba udongo mweusi kwenye nyufa na kuuteremsha kwa beseni.

Mengi yaliozea ardhini. Machache yakashika, yakatoa majani. Mama, ambaye siku zote hizo alipita pale akitazama pembeni, siku moja akasimama. Akachuchumaa, akaanza kuinulia miche udongo hadi karibu na shingo, maana kwao ndivyo wanavyofanya. Bibi akatazama, akafanya vilevile kwenye tuta la pili. Walimaliza pamoja.

Tulivuna viazi vidogo. Kikubwa kabisa kililingana na yai la kanga. Mama alichagua vilivyo bora, akavipanga kwenye gunia, akalirudisha chini ya kitanda changu. Vilivyobaki akavichemsha kwa chumvi. Sahani ya kwanza akampelekea bibi, akapiga magoti kumpa. Bibi akaisukuma.

"Mimi vyangu nilishakula."

Mama hakuinuka. "Vile vilikuwa vya mama yangu," akasema. "Hivi ni vyako, mama."

Bibi akachukua kimoja, akakitafuna polepole pamoja na ganda lake, sisi wote tukimtazama.

"Bado havina utamu," akasema.

Mama akacheka hadi akakaa chini. Tangu arudi kutoka msibani sikuwa nimemsikia akicheka.