Miaka Miwili na Spoila Ndani ya Gunia

Jumatano, tarehe kumi na nne mwezi wa Juni, 2023, niliendesha gari kutoka Mweiga hadi Nyeri mjini nikimtukana mwenyekiti wa soko njia nzima, na mke wangu hakunipinga hata neno moja.

Hiyo peke yake ingefaa kunishtua.

Wakiuru alikuwa mtu wa kupinga. Ukimwambia kumekucha, anachungulia nje kwanza.

Naitwa Ngatia. Shule niliachia darasa la sita. Kazi yangu ni viazi na minji, zile njegere mbichi, natoa kwa wakulima Mweiga napeleka soko Nyeri. Gari langu ni kale kadogo ka mlango wa nyuma, na lilikuja na spoila. Ile kitu kama bawa, pale juu ya kioo cha nyuma.

Vijana wa soko walinimaliza.

"Mzee Ngatia, hiyo ndege inaruka saa ngapi?"

"Inangoja mama yako apande."

Lakini Wakiuru aliipenda. Alisema kioo chetu cha nyuma hakijai vumbi kama cha gari la kaka yake, ambalo halina spoila. Mimi nikamwambia wanawake kazi yao ni kuona vumbi.

Sasa Moffat.

Moffat ndiye mwenyekiti wa kamati ya soko. Tumbo mbele, funguo za lango shingoni kama medali. Mwezi wa Mei mwaka huo, mbeba mizigo anaitwa Waweru alikuwa anatoa gunia kwa buti yangu. Akainuka kwa haraka, akapasua paji la uso kwa spoila. Alishonwa nyuzi nne.

Mimi nilisema angeinama. Kamati ikakaa dakika kumi na kutoa amri: gari lenye spoila halipakui ndani ya soko.

"Chair, hii kitu iko na kazi," nikamwambia.

"Kazi gani?"

Sikujua.

"Hiyo ni lipstiki, mzee. Toa, ama upakulie huko nje kwa matope."

Wakubwa ndivyo walivyo. Wakishindwa kutengeneza paa la soko, wanakuja kutengeneza gari lako.

Nikaenda kwa Fuad, fundi wa Majengo. Aliifungua kwa spana huku anatikisa kichwa.

"Hii si urembo, mzee. Gari fupi ikikimbia, upepo wa nyuma unarudi kwa kioo, unarudi na vumbi na moshi. Hii inausukuma mbali kidogo." Akalala chini, akaangalia. "Na bomba yako ya moshi imeoza hapa chini ya buti. Nitengeneze?"

"Mwezi ujao."

Spoila nikaiweka chini ya kitanda. Wiki mbili zikapita.

Sasa turudi kwa hiyo Jumatano.

Ilikuwa baridi ya Juni, ukungu umekaa kwa barabara kama blanketi iliyolowa. Tulipakia gunia tano. Buti ikakataa kufunga, nikaiacha wazi na kuikaza kwa kamba. Minji nikaiweka kiti cha mbele ili isipondeke. Wakiuru akakaa nyuma, amekumbatia magunia yasianguke.

"Baba Watiri," akaniambia, "minji imekaa mbele kama mheshimiwa, na mimi nimetupwa kwa viazi."

"Minji inapondeka."

"Na mimi?"

"Wewe ulipondeka zamani."

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha kukoroma kidogo mwishoni.

Baada ya muda akasema, "Kichwa inaniuma. Fungua dirisha yote."

"Ni baridi. Lala kidogo."

Langu lilikuwa wazi vidole viwili, kwa sababu ya sigara.

Ndipo nikaanza Moffat. Kwa kiwanda cha maziwa nikamtukania tumbo. Darajani nikamtukania funguo. Kwa matuta ya shule nikasema siku moja nitaivaa hiyo spoila kichwani niingie nayo sokoni, tuone kama atanifungua kwa spana.

"Si ni kweli, Mama Watiri?"

Kimya.

Nikasema moyoni, leo huyu mwanamke amekubali mimi ni mwanaume wa maana. Nikaongeza sauti.

Kwa lango la soko, Moffat mwenyewe ndiye alifungua kamba ya buti. Gunia moja likaanguka kwa miguu yake. Akachungulia.

"Mzee, mama amelala?"

Halafu akamgusa mkono, na akavua kofia.

Hospitalini walisema ni moshi. Umeingia kwa damu polepole, mtu anasinzia, basi. Mimi nilikuwa na kichwa kizito tu, kama mtu aliyeamkia pombe.

Tulipomzika nilisikia maneno ya Fuad yakipiga kelele ndani yangu. Upepo unarudi na moshi. Spoila inausukuma mbali.

Nani alitoa amri spoila itolewe?

Basi nikaipata kazi mpya. Nilitia spoila kwa gunia na kuanza kuzunguka nayo. Chifu alinipa chai mara ya kwanza. Mara ya tano alitoka kwa mlango wa nyuma. Wazee wa kanisa waliniambia nimwachie Mungu. Nikawauliza kama Mungu ndiye alikuwa na funguo za soko.

Kila siku ya soko nilisimama langoni, naitoa kwa gunia, naiinua juu.

"Moffat, hii ndiyo ulimuulia mke wangu."

Miaka miwili. Watu wa soko wakaanza kumwogopa. Watoto wake wakaitwa watoto wa muuaji shuleni, na nilisikia hivyo nikalala vizuri.

Mwezi wa Septemba mwaka jana akachoka.

"Ngatia, tupime," akasema mbele ya watu. "Ikionekana hiyo kitu ingemwokoa mama, naachia kiti na ninaenda kupiga magoti kwa kaburi yake, soko nzima ikiona."

"Na isipoonekana?"

"Hiyo utabaki nayo wewe."

Nikamleta Fuad. Alikuwa hataki. Alinivuta kando karibu na gari.

"Mzee, usiniitishe hii. Nakuomba. Rudi nyumbani."

"Unaogopa wakubwa?"

Alichukua uzi wa sweta, akakata vipande vifupi, akavibandika kwa kioo cha nyuma, kwa nje. Ndani akafunga simu inapiga video. Tukapeleka gari barabarani na kurudi, kwanza bila spoila, kisha nayo.

Watu wakajaa kwa ile simu kama nzi.

Bila spoila, nyuzi zilikuwa zinajikunja na kulamba kioo, zinapanda juu kama zinatafuta pa kuingilia. Ikiwekwa spoila, zinatulia. Zinaning'inia tu.

"Sema sasa," nikamwambia Moffat. "Iko na kazi ama haina?"

"Iko na kazi," akasema.

"Basi piga magoti hapa hapa ufanye mazoezi."

Na alipiga. Ile suruali nzuri, kwa maji ya samaki. Mama mmoja wa nyanya akageuka asione. Mimi niliangalia yote. Sijawahi kushiba namna hiyo.

Hapo ndipo Waweru alisema. Yule mbeba mizigo, na kovu lake la nyuzi nne.

"Lakini mzee, siku hiyo buti si ilikuwa wazi na kamba?"

"Sasa?"

"Hii spoila imeshikwa kwa mlango ya buti." Akafungua buti yangu. Mlango ukapanda, spoila ikapanda nao, ikakaa pale juu inaangalia mawingu. Akasimama chini yake na kugusa kovu. "Ndiyo maana ilinipata hapa. Buti ikifunguka, inakuja na kichwa ya mtu. Huko juu inasukuma upepo gani?"

Nilimwangalia Fuad. Fuad aliangalia spana yake.

"Ulijua?"

"Nilijua, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu mazishi."

Moffat, bado yuko chini, akasema tupime hiyo pia. Fuad akafunga buti kwa kamba nusu wazi, na gunia tano ndani. Mara moja na spoila, mara moja bila. Nyuzi akazifunga kwa ukingo wa buti.

Mara zote mbili ziliingia ndani. Zote. Zililala kuelekea kiti cha nyuma, zimenyooka kama vidole.

Moffat akasimama. Akapangusa magoti, goti moja, halafu lingine. Nilingoja anitukane. Angenitukana ningejua la kujibu.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na minji, ilifika salama?"

Kuna mtu alicheka nyuma. Sijui ni nani mpaka leo, na ni afadhali kwake.

Sasa nyinyi mnaobishana huko kwa simu zenu kama spoila ya gari ndogo ni kazi ama ni sura, niulizeni mimi. Iko na kazi. Buti ikifungwa inatuliza upepo na kupunguza vumbi kwa kioo. Buti ikiwa wazi ni kofia. Mkibeba mzigo buti wazi, mtu asikae nyuma. Bomba la moshi lisingoje mwezi ujao. Na mtu akisema kichwa inamuuma, simama, hata kama ni mke wako.

Na bado nasema wakubwa wana makosa. Moffat aliamuru itolewe bila kujua kazi yake. Kuna mtu pia alikagua gari langu na kulipitisha na bomba limeoza. Huyo hakuna aliyempigisha magoti.

Spoila nimeirudisha chini ya kitanda.

Ile video ilizunguka. Ikafika Kenol, kwa binti yetu Watiri, ambaye ana duka la nguo huko. Miaka miwili amekuwa akinitetea kwa kila mtu kwamba baba anatafuta haki.

Alinipigia jioni hiyo. Hakunisalimia.

"Baba. Ulituambia mlikuwa mnaongea na mama njia yote."

"Ndiyo."

"Kuhusu Moffat."

"Ndiyo."

Nilisikia mteja akiuliza bei ya sketi, na Watiri hakumjibu.

Nimeipita ile barabara mara nyingi tangu siku hiyo, polepole, nikirudia maneno yangu. Tumbo, kwa kiwanda cha maziwa. Funguo, darajani. Spoila kichwani, kwa matuta ya shule. Yangu yote nayakumbuka. Namtafuta yeye katikati, hata kukohoa.

Watiri aliniuliza kitu kimoja tu, na nikamwambia nitampigia. Sijampigia.

"Baba, mama aliacha kukujibu mkiwa wapi?"