Gereji ya Mkwe

Zamani fundi aliachiwa siku nzima aisikilize injini. Siku hizi mteja anataka kazi iishe kabla soda yake haijaisha. Mzee mmoja, fundi wa pikipiki, alihamia gereji ya mkwewe na ukaidi wake wote, na jirani yake akamfuata huko na pikipiki yake iliyopoteza nguvu. "Inakohoa ukipanda mlima?" fundi aliuliza, kichwa kimeinamia mlio. Kisha akafungua kifuniko, akapitisha ukucha mweusi juu ya alama za kamshafti, mhimili unaofungua valvu, aone kama mnyororo umeruka jino. Kila alipokwisha kuupanga, hakugusa stata. Kwanza aliizungusha injini kwa mkono, polepole, kwa sababu taimingi, yaani mpangilio wa mnyororo huo, ikikosewa valvu hugonga pistoni na kupinda.

Siku hiyo mkono wake ulihisi kitu kimekwama. Akataka kupanga upya.

"Baba, unaipapasa kama mchumba!" mkwewe alimcheka mbele ya wateja. "Washa, watu wanangoja."

"Ngoja kidogo, mwanangu, bado haija..."

Mkwe akabonyeza stata mwenyewe. Chuma kikagonga chuma, injini ikazima.

"Unaona? Mzee ameshaniharibia kazi," mkwe akamwambia jirani.

Jirani aliyaona yote, akafungua kinywa aseme. Fundi akainua macho kwenye dirisha la ghorofa juu ya gereji, ambako binti yake alikuwa akianika nguo za mtoto.

"Ni mimi," akasema. "Nimekosea."

Mara ya mwisho jirani kumwona, alikuwa nyuma ya gereji hiyo, ameinamia ndoo, akiosha pikipiki zilizotengenezwa na wengine.