Kanda ya Mlango wa Juu

Mlio wa ile kanda ndio unaonijia kwanza: mkali, wa kukwaruza, kama bati linaloburutwa kwenye sakafu ya saruji. Ulitoka kwenye redio kaseti ya mama, sebuleni kwetu Levolosi, ukipakia mchezo kwenye kompyuta, ya zile za zamani zilizosoma michezo kutoka kwenye kanda, ambayo baba mdogo alipewa kutengeneza. Jumamosi ilitakiwa irudi kwa mwenyewe, Kisongo. Mimi sikuweza kukaa. Nilizunguka meza, nikachungulia dirishani kama Mlima Meru umefunikwa na mawingu, nikarudi kwenye televisheni iliyounganishwa na kompyuta, bado mistari tu. Umeme ukikatika, tunaanza upya. Mchezo ulikuwa wa kijana anayepanda ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, akiruka mawe yanayoviringika. Baba mdogo aliwahi kuucheza Nairobi, kwenye mashine kubwa ya kusimama, akaniambia juu kabisa kuna mlango. Niliutaka huo mlango kuliko sikukuu.

Ijumaa nilitoka shule mbio, nikaweka kanda. Badala ya ule mlio zikatoka sauti za akina mama wakiimba. Mama alikuwa anajifunza sauti ya pili ya nyimbo za Pasaka, na kama wanakwaya wote wa usharika wetu, alirekodi mazoezi kwenye kanda yoyote iliyo karibu, akiziba kwa karatasi yale matundu ya ukingoni mwa kanda ili ikubali kurekodi.

“Mama, umefuta mchezo wangu.”

“Mchezo gani? Nimeisikiliza, ni makelele matupu. Nikajua imeharibika, mwanangu.”

Nililia kwa hasira. Kesho yake kompyuta ikaondoka, kanda ikabaki, na Pasaka nikaisikiliza ile kwaya nimenuna.

Siku hizi mchezo ule uko kwenye simu yangu, unafunguka kabla sijakaa vizuri. Niliufikia mlango nikiwa kwenye foleni ya benki. Ukafunguka, mchezo ukaanza tena kutoka chini, nikauzima.

Mwaka jana, baada ya kumzika mama kwao mlimani, kando ya migomba, nilizunguka mji mzima nikitafuta redio ya kaseti. Nikaipata kwa fundi mmoja, nikaenda nayo nyumbani, nikaweka ile kanda. Mama anaimba na wenzake, anakosea, anacheka. Kisha anasema, “Tuishie hapo jamani, Neema anakaribia kurudi kutoka shule, atakuwa na njaa.” Kimya kidogo, halafu unaingia ule mlio mkali, kipande cha mchezo ambacho hakufikia kukifuta. Mpaka leo sijajua kukaa. Mlio ukianza tu narudisha kanda nyuma, nasimama dirishani, nasubiri aseme kuwa nakaribia kurudi.