Aliyenyamaza Ndiye wa Kwanza

Mlangoni mwa kliniki ya wanyama, muuguzi alikuwa mkali kama pilipili. "Subiri, kaka, usinipande kichwani!" alimwambia mwenye mbwa aliyekuwa akibweka. "Anayepiga kelele ana pumzi." Akampita, akamfunua mdomo paka aliyelala kimya kikapuni, akambonyeza ufizi. Ukabaki mweupe, wekundu haukurudi. "Huyu kwanza!"

Paka alipowekewa dripu, simu ya muuguzi ikaita. Ni mwanawe kifungua mimba, analalamika kama kawaida yake. Kitinda mimba, aliyehamia mbali, hapigi. Muuguzi humsifu kwa majirani kuwa hana shida.

Hana shida?

"Subiri, mwanangu, wewe una pumzi," akasema, akakata. Akampigia kitinda mimba. Simu ikaita, ikaita. Akajikuta anabonyeza ukucha wake mwenyewe, akingoja wekundu urudi.