Nati Niliyoifunga Juu ya Rangi

Sogea karibu, rafiki yangu, maana hili sijawahi kumwambia mtu nje ya kitubio. Juzi nilipita kwa fundi anayefunga muziki kwenye bajaji hapa Ifakara, nikasikia harufu ya risasi inayoyeyushwa na mpira wa waya ulioungua. Utoto wangu wote ulinukia hivyo.

Baba alikuwa fundi wa redio za magari. Mjomba Faustini, mdogo wake mama, alitoka kijiji cha Mbingu akaja kufanya naye kazi, akawa anakula na kulala kwetu. Mtu wa utani sana. Mkono wangu ulikuwa mwembamba, unapenya nyuma ya dashibodi, basi akaniita "fundi mkuu" na kunipa waya nifunge. Kila siku wimbo wake ulikuwa mmoja: ule waya mweusi wa ethi, unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari, kabla hujaufunga kwenye bodi ya gari, kwangua rangi kwanza mpaka chuma king'ae.

Siku hiyo gari lilikuwa la mnunuzi wa mpunga, limetoka kupigwa rangi ya bluu mpaka ndani, unajiona meno. Niliona huruma kulichuna kwa kisu. Nikafunga nati juu ya rangi hivyo hivyo. Redio ikawaka, mwenyewe akaondoka anacheka.

Jioni akarudi amenuna. Ukiongeza sauti, redio inakoroma halafu inazima. Mjomba akapima waya wa moto kwa kitaa chake, kikawaka. Akapima spika moja moja, zote nzima. Akanigeukia.

"Mage, ethi uliikwangulia?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi huko hakuna shida," akasema, wala hakuangalia.

Hapo ndipo panaponiuma. Aliniamini.

Baba akaifungua redio yenyewe, akakuta alama za kuchomelea risasi asizozijua, kama kuna mtu alishaifungua.

"Shemeji, umenyofoa vitu humu ukauza."

"Mimi, shemeji? Kwa mkono upi?"

"Huo huo unaokulia wali wangu."

Mama akaanza kulia. Mjomba akakunja mkeka wake, akaniambia, "Haya, fundi mkuu, shule usiache." Akapanda treni ya kwenda Mlimba. Hatukumwona tena, na shule niliacha.

Nilijua nimedanganya. Sikujua uongo wangu umeharibu nini, maana kwa akili yangu waya ukishakazwa umekazwa. Nimekuja kuelewa mtu mzima, mama wa watoto watatu, kwenye darasa la jioni. Mwalimu alileta betri, balbu na msumari uliopakwa rangi. Balbu ikagoma. Akaukwangua msumari, ikawaka. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nilitoka nje, maana ndipo nilipojua ni nati yangu juu ya rangi iliyozima ile redio.

Baba alishafariki, na mpaka anakata roho alimwita shemeji yake mwizi. Padri ameniondolea dhambi, namshukuru Mungu, lakini jina la mjomba padri hawezi kulirudisha.

Kwa hiyo nakuomba. Kama una ndugu Mlimba, au popote reli ile inapopita, msimulie, naye amsimulie mwingine. Muulizie Faustini, fundi redio, mtu wa Mbingu. Kama hayupo, watafuteni wanawe. Waambieni baba yao hakuiba kitu.